Majimaji: Namna ya kuichunguza historia ya vita

VITA vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilikuwa miongoni mwa mapambano makubwa zaidi dhidi ya utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, idadi ya waliokufa bado haijaafikiwa. Wajerumani walitaja watu 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Tofauti hiyo inampa mtafiti somo la kwanza: kabla ya kuamini maandishi, aulize nani aliyaandika, lini na kwa faida ya nani. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeamuru vita hivyo vizimwe, alichapisha kitabu mwaka 1909. Kitabu hicho ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa mtu mwenye utawala wa kuutetea.

Somo la pili ni kuwasikiliza walioshindwa. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee. Humo yakapatikana masimulizi ya kilimo cha pamba cha shuruti, kodi na viboko. Leo wazee hao hawapo tena. Kisingeandikwa wakati ule, kingezikwa nao.

Lakini masimulizi nayo hupimwa. Yalikusanywa miaka michache tu baada ya uhuru, wakati taifa jipya lilipohitaji hadithi ya umoja. Watafiti wa baadaye, walipolinganisha eneo moja na jingine, walibaini kuwa kila jamii ilikuwa na sababu zake, na kwamba si wote waliopigana upande mmoja. Sehemu kubwa ya Wahehe, kwa mfano, haikujiunga na uasi.

Somo la mwisho ni kutafuta yasiyoonekana katika taarifa za mapigano. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na wengi waliokufa waliuawa na njaa, si risasi.

Uchunguzi huu si wa wasomi pekee. Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Kwa wajukuu wake, nyaraka zilizohifadhiwa vizuri na kusomwa kwa uangalifu ndizo zinazoweza kumrudisha babu yao nyumbani.