Goma: Nta gani inafaa gari ya zamani? Rangi yenyewe ndiyo inatoa jibu

Mjini Goma, vumbi nyeusi ya makoro inaingia kila pahali. Kwa gari mpya, ni kazi ya kuosha tu. Lakini kwa mwenye Volkswagen Coccinelle ao Peugeot 504 ambayo ingali na rangi yake ya kiwandani, hasara ni kubwa: rangi ile ikiisha, hairudi tena. Nta inaweza kuilinda, ila si kila kopo yenye kuandikwa nta ina nta tupu.

Gari nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipakwa rangi bila verni juu yake. Kwenye gari za leo, verni ndiyo inapokea mikwaruzo. Kwenye zile za zamani, ni rangi yenyewe. Na makopo fulani yana unga laini wa kusugua, unaorudisha mng'ao haraka kwa kula rangi kidogo kidogo, zaidi kwenye pembe.

Kupima ni rahisi. Mwenye gari anatia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, kisha anasugua pahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna verni. Hapo atafute nta isiyo na unga wa kusugua.

Kuna aina mbili kubwa. Karnauba inatoka kwenye majani ya mtende wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni ngumu, kwa hiyo viwanda vinaichanganya na mafuta ao nta nyingine. Inapendeza sana juu ya rangi ya zamani, lakini jua na mvua vinaimaliza kwa wiki chache. Nta ya polima, inayotengenezwa kiwandani, inadumu miezi. Gari inayolala inje inahitaji zaidi hiyo ya pili. Ile ya garaji inayotoka siku ya sherehe inaweza kutosheka na karnauba.

Mbele ya kupakaa, gari ioshwe kwa maji mengi. Kupanguza vumbi ya makoro na kitambaa kikavu ni sawa na kupitisha msasa. Nta ipakwe kivulini, safu nyembamba. Maji yakiacha kujikusanya matone juu ya boneti, wakati wa kurudilia umefika.

Nta haifufui rangi iliyokufa. Inalinda tu ile iliyobaki.