Bima, Uvumi na Siku za Mwisho: Utangulizi

Karibu katika elimu inayouliza swali moja gumu: serikali inapobadili namna wananchi wanavyolipia matibabu, kwa nini uvumi huwahi kufika kuliko sheria yenyewe? Anayeanza kwa kuwadharau wanaouamini hatafika mbali. Aende kwanza Kariakoo, soko la Dar es Salaam, akawasikilize.

Septemba 2022, Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa katika Bunge la Tanzania. Mtumishi wa umma amezoea kukatwa mchango wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwenye mshahara tangu mfuko huo uanze kazi mwaka 2001. Machinga wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, kuli na mama lishe hawana mwajiri wa kuwakata. Kwa watu kama hao zilitajwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na muswada ukataka bima ifungamanishwe na huduma nyingine, leseni zikiwemo. Malalamiko yakawa mengi, muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi, na sheria ikapitishwa Novemba 2023. Pendekezo, sheria na kanuni ni vitu vitatu. Kwa aliyetumiwa sauti ya dakika mbili kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chake, vyote vilikuwa kimoja: tunaanza kukatwa.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Machi 2023 NHIF ilisitisha utaratibu wa Toto Afya Kadi, ambao mzazi alimlipia mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi za mfuko, kwa mvutano wa bei mpya. Mama aliyeambiwa dirishani kwamba kadi yake haipokelewi hahitaji mzushi wa kumfundisha wasiwasi.

Mambo huwa mazito zaidi yanapogusa kifo. Marekani, mwaka 2009, mwanasiasa Sarah Palin alidai kwamba mageuzi ya afya ya Rais Obama yataleta mabaraza ya kuamua nani anastahili kutibiwa. Kilichokuwamo hasa katika muswada ni malipo kwa daktari anayezungumza na mgonjwa, kwa hiari ya mgonjwa, kuhusu matibabu anayoyataka siku za mwisho. Kipengele hicho hakikuingia katika sheria ya 2010.

Kwetu mazungumzo hayo hunyamazishwa hata bila mwanasiasa. Mzee akitaja kupeleka wosia RITA, wakala wa serikali unaoutunza, watoto humwambia asijichurie. Ocean Road, taasisi ya saratani iliyo karibu tu na Kariakoo, hutoa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na morfini ni sehemu yake. Bado wapo ndugu wanaoiona kama dawa ya kummalizia mgonjwa, ilhali kazi yake ni kumtuliza maumivu. Wengi husema hiyo ni mila. Sikubali. Mara nyingi hakuna aliyeketi na familia akaieleza, na pengo hilo hujazwa na jirani.

Basi anza hivi: soma muswada wa 2022 sambamba na sheria ya 2023, uandike kila kifungu kilichobadilika. Wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiswahili ni wachache mno, nasi tunakuhitaji.