Je, Wajua? Utumishi wa Liwali Bara ya Mombasa

Je, wajua kwamba mpaka usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, ardhi ya Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na mwambao wote wa maili kumi, ilikuwa kwa sheria milki ya Sultani wa Zanzibar, ambaye bendera yake nyekundu, tupu bila ya nakshi wala maandishi, ilipepea juu ya Ngome ya Yesu?

Serikali ya Kiingereza iliushika mwambao huo kwa mkataba wa 1895, na katika utawala wake mtumishi mkuu wa Kiislamu alikuwa ni liwali, naye akisaidiwa na mamudiri, yaani watawala wa chini yake. Aliyekipamba cheo hicho kuliko wengi, kwa rai yangu, ni Sir Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Mombasa tangu 1937, kisha Liwali wa Pwani tangu 1941. Kwani juu ya shughuli za uliwali alikusanya hati za mashairi ya kale, na mwaka 1950 akatoa kitabu juu ya Al-Akida, kamanda aliyeasi katika Ngome hiyo ya Yesu. Alifariki 1959.

Kwa maafikiano ya Oktoba 1963 Sultani aliuachilia mwambao, na Jomo Kenyatta akaahidi kuwa mahakama za kadhi zitadumu. Uliwali ukafutika, mamlaka yakahamia kwa maofisa wa mkoa na wilaya. Ama kadhi yungalipo, amethibitishwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.