Dole Gumba, Kiapo na Kitabu

Pale Chaka, Mlima Kenya huonekana asubuhi tu. Ukishuka kwenye matatu ya Nanyuki saa moja, unauona wote, vilele na theluji yake iliyobaki. Ikifika saa nne mawingu yameshaufunika, na watu wamerudi kwenye viazi na vitunguu vyao.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama kando ya kibanda cha wakala wa benki, nikingoja gari la kwenda Karatina. Bibi mmoja alikuwa amekuja kuchukua pesa za wazee. Kijana wa kibanda akamsogezea kile kijimashine cha alama za vidole.

"Cucu, weka tena. Kidole hakisomi."

Akaweka. Hakikusoma. Akapangusa dole gumba kwa leso, akalipulizia pumzi kama mtu anayesafisha kioo cha taa, akaliweka tena. Nilikuwa karibu kiasi cha kuliona. Lilikuwa laini kama jiwe la mtoni, mistari yote imelika.

"Kirore changu kimeliwa na jembe," akamwambia kijana, akicheka. Mara ya tano mashine ikakubali.

Kirore. Nilipanda gari nikiwa na neno hilo mdomoni. Kwa Kigikuyu ni alama ya dole gumba inayobandikwa kwenye karatasi, lakini kwa wazee wa Nyeri limebeba uzito mwingine. Mwaka 1929 makanisa ya wamishonari, likiwemo lile la Waskoti wa Kipresbiteri pale Tumutumu, yaliwataka waumini wakane tohara ya wasichana. Aliyekubali alibandika dole gumba kwenye karatasi ya ahadi. Basi watu wale wakaitwa Kirore, kana kwamba kidole kimemeza mtu mzima. Waliokataa walitoka na watoto wao, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika kwa wino wa alama moja.

Kipande, kitambulisho cha enzi ya ukoloni, nacho kilikuwa na alama za vidole. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1910, mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimika kutembea nacho, na wengi walikitundika shingoni katika kikopo cha bati. Katika nchi hii ya mlima, swali la wewe ni nani limeulizwa mara nyingi na mwenye mamlaka, naye ndiye aliyeandika jibu. Ninapovisoma vitabu vilivyozaliwa huku, vya riwaya na vya kitaaluma, naona kazi moja inayoviunganisha: kumnyang'anya kalamu huyo mwandikaji wa kwanza.

Ngugi wa Thiong'o aliugusa mgogoro ule wa 1929 katika riwaya aliyoichapisha mwaka 1965, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Njia Panda. Ndani yake yumo msichana Muthoni, binti wa mhubiri, anayetaka kubaki Mkristo na vilevile awe mwanamke kwa desturi ya kwao. Anakufa kwa kidonda cha tohara. Kila upande unamchukua maiti yule kuwa ushahidi wake, na hakuna anayeuliza yeye alitaka nini. Nimeisoma riwaya hiyo mara tatu na bado hapo ndipo ninapofunga kitabu kwa muda. Mwaka 2011 Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji, nami naiunga mkono bila kusitasita. Lakini Ngugi alinionyesha kwamba jambo lililo sahihi likiletwa kwa amri, pamoja na karatasi ya kubandika kidole, huweza kuwafanya watu walishikilie kosa kama ngao.

Jomo Kenyatta alipoandika Facing Mount Kenya, iliyotoka London mwaka 1938, aliichukua taaluma ya wazungu wenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa Bronislaw Malinowski, na kitabu hicho ndicho kilichompeleka duniani kwa jina la Jomo. Kwenye picha yake maarufu amejifunga ngozi, akipima ncha ya mkuki kwa kidole. Ni kitabu cha kisomi na ni dai la ardhi kwa wakati mmoja. Alitetea mila yote, hata ile tohara ya wasichana. Ukikisoma leo, kisome na hilo akilini.

Hata hivyo mtu wangu hasa katika jambo hili ni Gakaara wa Wanjau, na ndiye aliyenifanya nishuke Karatina. Ukitoka Chaka unapita Kiganjo, unapita Marua, na baada ya muda mfupi uko kwenye mji aliokuwa na kiwanda chake cha kuchapa vitabu. Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Imani ya Mitume bila shaka aliisikia ikikaririwa kanisani tangu utotoni. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Kisha mwaka 1952 akafanya jambo ambalo mpaka leo linanistaajabisha kwa ujasiri wake. Aliuchukua muundo wa ile Imani ya kanisani, akauacha mwendo wake kama ulivyo, akaujaza maneno mapya. Anayekariri anaanza kwa Mungu muumba, kisha anawakiri Gikuyu na Mumbi, wazazi waliopewa ardhi hii na Mungu huyo.

Mtu aliyeikariri Imani tangu utotoni hahitaji kufundishwa tena; ulimi unaijua njia. Gakaara hakuwaambia watu waitupe dini. Aliwapa sala waliyoizoea, nao walipofika katikati wakajikuta wanadai shamba. Serikali ya kikoloni haikukosea kuiogopa karatasi ile. Mnamo Oktoba 20, 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na Gakaara akawa miongoni mwa waliokamatwa usiku huo. Alikaa kizuizini karibu miaka minane. Sehemu ya miaka hiyo aliipitisha kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu, mji wa washairi. Huko kizuizini aliandika shajara kwa siri, kwa lugha yake, akiifichaficha. Ilichapishwa mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Noma pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini.

Mwanahistoria Derek Peterson aliandika kitabu kizima, Creative Writing, cha mwaka 2004, juu ya watu wa aina hii: makarani, walimu na wachungaji wa Tumutumu na Nyeri waliojifunza kwa wamishonari jinsi ya kuandika daftari, barua na kumbukumbu za mikutano, kisha wakautumia ujuzi huo kuunda umma wao wenyewe. Naye John Lonsdale, katika Unhappy Valley cha mwaka 1992, alilichambua neno wiathi. Serikali ya kikoloni iliona Mau Mau, wapiganaji walioapa kudai ardhi na uhuru, kama wazimu wa msituni. Lonsdale aliwasikiliza Wagikuyu wakibishana wao kwa wao: nani ni mtu mzima, nani amestahili ardhi, mtu asiye na shamba atajitawalaje? Wiathi ni uhuru, lakini pia ni hali ya mtu kujimiliki mwenyewe. Ukilijua hilo, kiapo cha Mau Mau kinaanza kueleweka kama jibu la swali zito la kimaadili, ingawa jibu hilo lilimwaga damu nyingi, na kwa sehemu kubwa ikiwa damu ya majirani.

Imani ile ile ya Gikuyu na Mumbi ilikuja kugeuzwa. Baada ya waziri Tom Mboya kuuawa mnamo Julai 5, 1969, watu walisombwa kwa malori kwenda Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, kula kiapo, na mjini jambo hilo likaitwa "kunywa chai". Kiapo cha msituni kilidai ardhi kwa asiye nayo. Kile cha Gatundu kililinda kiti cha waliokwisha kupata. Jina la Gikuyu na Mumbi, ambalo Gakaara alilifungulia watu kama mlango, lilijengwa kuwa ua. Nasema hivi nikilikumbuka soko la Chaka, ambako Mmeru, Msamburu na Mkamba wananunua kabeji kwa bei moja na mwenyeji. Riwaya au utafiti wowote juu ya utambulisho wa mlimani usiowaona watu hao umekosea hesabu.

Kuna karatasi nyingine ambayo familia nyingi za Nyeri hazipendi kuitaja. Mwaka 1957, Waafrika walipopigia kura wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Mgikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Daniel Branch, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya kushindwa kwa Mau Mau, anaonyesha jinsi ngati, yaani walinzi waliokuwa upande wa serikali, walivyopata ardhi, leseni na kura, na jinsi mtu mmoja alivyoweza kula kiapo usiku na kulinda kambi ya chifu mchana. Ni kitabu kigumu kwa mtu wa huku kukisoma. Guka, yaani babu, aliyesifiwa kwenye mazishi huenda alikuwa na cheti hicho mfukoni. Wanawake nao walikuwa na yao: Muthoni Likimani aliuita mkusanyiko wake wa visa vya wanawake wa wakati huo, uliotoka mwaka 1985, Passbook Number F.47927. Mtu amekuwa namba, na namba ndiyo imekuwa jina la kitabu.

Sasa Kimathi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau msituni, alizaliwa Tetu mwaka 1920, akakamatwa huko huko kwao kandokando ya msitu mnamo Oktoba 21, 1956, akiwa amepigwa risasi. Alihukumiwa hapa Nyeri mwezi uliofuata. Kosa lililomnyonga halikuwa mauaji. Alipatikana na bastola. Alinyongwa Kamiti mnamo Februari 18, 1957, na kaburi lake mpaka leo halijulikani. Mwaka 1969 P. M. Kareithi aliita riwaya yake ya Kiswahili juu ya vita vile Kaburi Bila Msalaba, na kwangu mimi jina hilo ni la maelfu.

Ngugi na Micere Mugo, binti wa Kirinyaga, walipoandika tamthilia yao ya mwaka 1976, ambayo kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, walimpa mahakamani sauti ya mtu anayeikataa mahakama yenyewe. Ilikuwa haki yao. Serikali ya ukoloni ilikuwa imemwandika kuwa mnyama, na hata Kenya huru iliiacha Mau Mau ikiwa chama haramu kisheria tangu 1950 hadi 2003. Mtu aliyeandikwa kwa uongo muda wote huo alihitaji mwandishi wa kumsimamisha wima.

Kisha mwaka 2017 Julie MacArthur akachapisha kumbukumbu za kesi yenyewe, nyaraka ambazo wengi walidhani zimepotea. Ndani yake Kimathi hapaazi sauti ya jukwaani. Anajitetea kwa sheria. Anaiambia mahakama kwamba alikuwa anatoka msituni kuja kujisalimisha. Wapo walioumia kusoma hivyo, na wapo waliofurahi kwa ubaya. Mimi nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Mtu ana miaka 36, ana jeraha la risasi, yuko mbele ya jaji mkuu wa koloni, na maisha yake yote yanategemea neno atakalosema. Kutaka kuishi hakumpunguzii chochote. Kimathi wa tamthilia alituwezesha kusimama. Huyu wa kumbukumbu anatuwezesha kumlilia. Shule zetu zingewasomesha wote wawili, darasa moja, wiki moja.

Mamlaka inajua thamani ya karatasi kuliko sisi. Waingereza walipokuwa wakifunga virago walichoma majalada mengi na mengine wakayasafirisha. Yaliyosafirishwa yalijitokeza mwaka 2011 wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, na kazi ya wanahistoria kama Caroline Elkins na David Anderson ikapata ushahidi zaidi. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Vitabu viliingia mahakamani, na vikashinda.

Si kila kumbukumbu iko kwenye karatasi. Wangari Maathai wa Ihithe, katika kumbukumbu zake za mwaka 2006, anaeleza juu ya mugumo wa kwao, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Imani ikaja kubadilika, mugumo ukakatwa, kijito kikakauka. Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Nyeri, alibaki na nywele zake za msituni kichwani hadi zilipokatwa mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Alikuwa ukurasa unaotembea, na watoto wa mjini walimpita bila kumsoma.

Karatina niliuliza vibandani kama kuna kitabu cha Gakaara. Nilioneshwa vitabu vya mitihani na Biblia. Shajara yake, ya mtu aliyeandika kijitabu kwa Kiswahili mwaka 1948, mimi nimelazimika kuisoma kwa Kiingereza. Wachapishaji wetu mnaosoma gazeti hili, tuleteeni kitabu hicho kwa Kiswahili, na muirudishe Kaburi Bila Msalaba madukani. Nawe msomaji, kama chini ya kitanda cha guka au cucu wako kuna sanduku la bati lenye vipande, vyeti na barua za zamani, usiwashie jiko karatasi hizo. Kaa naye, muulize kila karatasi ilimfikiaje, uandike anachosema, mwaka huu, angali anakumbuka.