Kitabu cha Watoto Watatu

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea Muheza. Mwaka huo huo alifika Tanga mwanamke wa ukoo wa kikabaila kutoka kwao, Frieda von Bülow, kusimamia shamba na tanuru la chokaa vilivyoachwa na nduguye Albrecht, ofisa aliyeuawa Juni 1892 karibu na Moshi katika vita na Wachaga wa Mangi Meli. Bibi huyu hakuwa mgeni wa pwani. Alikwisha kuja mwaka 1887 kuanzisha huduma za uuguzi Zanzibar na Dar es Salaam, na malaria ikamrudisha kwao mwaka uliofuata. Vitabu alivyovitoa baada ya hapo vimempa sifa ya kuwa mwanzilishi wa riwaya ya kikoloni katika fasihi ya Kijerumani. Kwa hiyo mtu akiuliza ni mwandishi gani wa kike wa Kijerumani wa karne ya 19 anayewahusu watu wa Tanga, Pangani na Saadani, jibu la haraka ni yeye: aliishi hapa, akafanya kazi hapa, akaandika. Mimi jibu hilo silikubali. Anayetuhusu zaidi ni mwingine, ambaye kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, na ambaye alipoanza kukiandika hakuwa na habari na umma wa Wajerumani. Alikuwa akiwaandikia watoto wake watatu.

Ujerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Huku kwetu ni Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, na mama yake ni Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Kisa chake cha mapenzi kimesimuliwa hadi kimechuja: akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akashika mimba, akatoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akabatizwa na kuolewa huko mwaka 1867. Wasimuliaji wengi huishia hapo, kana kwamba maisha ya mwanamke hukoma siku ya harusi. Lililo muhimu kwa mada yetu limo kabla na baada ya hapo. Kabla, kuna kalamu. Watoto wa kike wa jumbani walifundishwa kusoma Qurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa mpana wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo haukukaa bure. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, aliingia katika njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, na kazi aliyopewa ilikuwa ya ukatibu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika. Njama ikashindwa, na baadhi ya ndugu zake hawakumsamehe.

Baada ya ndoa kuna upweke. Mtoto wa kwanza alifariki wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Huko Hamburg walizaliwa watatu wengine, Antonie mwaka 1868, Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Rosalie alikuwa bado mchanga pale Heinrich alipopata ajali ya tramu, na Agosti 1870 akafa. Mjane wa miaka 25 akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo lugha yake ndiyo kwanza anajifunza, mirathi ikiwa mikononi mwa wasimamizi kama ilivyokuwa sheria kwa wanawake, na kwao Unguja hawamtaki kwa sababu ya dini. Alihamahama, Dresden, Rudolstadt, Berlin. Katika dibaji ya kitabu chake anaeleza kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla ya kukichapisha, mwili na moyo vikiwa vimechoka, akihofu hataishi hata awaone watoto wakikua. Wakati huo walichokijua juu ya asili yao kilikuwa kidogo mno: kwamba mama yao ni Mwarabu na amezaliwa Zanzibar. Ukipiga hesabu, mkubwa wao alikuwa hajatimiza hata miaka 10.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Kitabu huchongwa na msomaji wake wa kwanza, yule ambaye mwandishi anamwona mbele yake anaposhika kalamu, na kitabu cha Salme kinathibitisha jambo hilo karibu katika kila sura. Mtoto aliyezaliwa Hamburg hataki kusikia mikataba ya Sultani na mabalozi. Atauliza: Mama, mlikuwa mkilala wapi? Mlikula nini? Nani aliwafundisha? Mlipougua je? Sikukuu zenu zilikuwaje? Basi kitabu kinajibu. Kinatupeleka katika ua wa Mtoni, ambako tausi, paa, mbuni na heroe walizurura huru na watoto wakawachokoza. Kinatuonyesha baraza la duara linaloelekea baharini, ambako Seyyid Said alikuwa akitembea huku na huku peke yake, kichwa kimeinama, akiwaza. Kinaeleza jinsi binti mchanga alivyotobolewa masikio siku chache tu baada ya kuzaliwa, matundu sita kila upande, na uzi mwekundu wa hariri ukapitishwa. Mwanahistoria anayetafuta siasa za ikulu atazipata pia, lakini atalazimika kuzichambua katikati ya mikeka, marashi, farasi na ugomvi wa watoto. Mpangilio huo si uzembe wa mwandishi asiyejua kupanga mambo. Ni mpangilio wa mama anayejibu maswali.

Watu wa mwambao hawana haja ya kwenda Ulaya kuitambua aina hii ya maandishi. Mwaka 1858, pwani ya Lamu, Mwana Kupona alitunga utendi kwa ajili ya binti yake akiwa mgonjwa. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mzazi anayehisi muda ni mchache huacha wasia, na wasia kwetu ni fasihi inayoheshimika. Sidai kwamba Salme alimsoma Mwana Kupona. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu zake zimekaa vizuri zaidi katika jamvi hili kuliko katika rafu ya vitabu vya watoto vya Ujerumani ya siku zake. Huko, kuwaandikia watoto ilikuwa mojawapo ya kazi chache za kalamu ambazo mwanamke angeweza kuzifanya bila kusengenywa. Thekla von Gumpert alikuwa akitoa kila mwaka, tangu 1855, mkusanyo wa hadithi na mafunzo kwa wasichana, na Emmy von Rhoden alifariki mwaka 1885, muda mfupi kabla ya kutoka kwa Der Trotzkopf, kisa cha binti mkaidi anayepelekwa shule ya bweni akafundwa mpaka akatulia. Vitabu hivyo vililenga kumtengeneza msichana wa Kijerumani. Salme alikuwa na kazi tofauti kabisa, ya kuwapa watoto wa Kijerumani nusu ya pili ya nasaba yao.

Sasa tumrudie yule wa Tanga. Frieda von Bülow hakuwa mwandishi dhaifu, na tusimdhulumu. Alizaliwa Berlin mwaka 1857, akapitisha sehemu ya utoto wake Izmir ambako baba yake alikuwa balozi mdogo, na alipigania kwa dhati nafasi ya mwanamke kuishi na kumiliki mali bila kushikwa mkono na mume. Tanga ilimpa nafasi hiyo, ingawa hakukaa muda mrefu. Lakini msomaji aliyekaa mbele ya macho yake alikuwa mtu mzima wa Ujerumani, anayepaswa kushawishiwa aipende koloni. Riwaya yake ya mwaka 1899, Im Lande der Verheißung, inawazungusha Wajerumani kati ya Zanzibar na Dar es Salaam wakiulizana nani miongoni mwao anastahili kutawala. Shujaa wake, Ralf Krome, amechongwa kwa mfano wa Carl Peters, mtu ambaye Frieda alimpenda, na ambaye miaka miwili kabla ya riwaya hiyo alifukuzwa utumishi wa serikali kwa sababu ya watu aliowanyonga Kilimanjaro. Wenyeji wamo, ila kama watumishi, wapagazi na umati wa gatini. Asiyekuwapo na lake halipo: mtu asiyehesabiwa kuwa msomaji hahesabiwi kuwa mhusika. Frieda aliishi Tanga wakati serikali ya Kijerumani ndiyo kwanza imefungua shule yake mjini hapo, watoto wa Kiswahili wakiingia darasani, na bado ukurasa wake haukumwona mtoto wa Tanga kama mtu wa kumweleza jambo lolote.

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema tofauti ya waandishi hawa haitokani na watoto, inatokana na uzawa: Salme alizaliwa jumbani, Frieda alikuja kwa meli, na hilo tu latosha. Uzawa kweli ulimpa Salme ujuzi, lakini ujuzi hauandiki kitabu. Ndugu zake walikuwa wengi, wote walijua aliyoyajua, na hakuna kati yao aliyeacha maelezo kama hayo ya maisha ya ndani ya jumba. Tena kuna ushahidi kutoka upande wa pili. Salme aliandika pia barua ndefu kwa rafiki wa kike wa Zanzibar, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake, na humo anaieleza Ujerumani kwa namna ile ile: baridi, vyakula, nyumba, tabia za watu, malezi ya watoto. Huko hakuzaliwa, lakini macho ni yale yale, kwa sababu tena alikuwa na mtu mmoja mahususi wa kumweleza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalipunguza uzito. Kama kitabu ni wasia wa mama, mbona kinautetea utumwa? Salme anadai kwamba watumwa wa Mashariki walitunzwa vizuri, anawakejeli Waingereza kwa haraka yao ya kuukomesha, na anasema maneno juu ya uvivu wa Mwafrika ambayo msomaji wa Pangani hawezi kuyapita bila kusimama. Pangani ilikuwa mlango wa misafara, watu waliletwa pale wakiwa wamefungwa, wakavushwa bahari, na baadhi yao ndio waliopalilia mikarafuu iliyolipia tausi wa Mtoni. Kumtetea kwa kusema aliishi zama zake hakutoshi, maana zama hizo hizo zilikuwa na watu waliopinga. Lakini nadhani wasia wenyewe unatusaidia kuelewa jinsi kosa lilivyoingia. Mama anayewaeleza wanawe nyumba ya babu yao anataka waipende, na nyumba ile ilijengwa juu ya utumwa. Kuukana utumwa kungekuwa kuwaambia watoto, ambao Wajerumani waliwatazama kwa mashaka tayari, kwamba hata upande huu wa nasaba yao una doa. Alichagua kupamba. Kwa hiyo msomaji yule yule wa kwanza aliyekipa kitabu uhai ndiye aliyekipofusha, na anayekisoma leo akiwa Tanga inambidi akisome akijua jicho lipi linaona na lipi limefumbwa.

La tatu ni siasa. Mwaka 1885 Bismarck aliipeleka Zanzibar meli ya Adler pamoja na manowari zake, na ndani yake mlikuwa na Salme na watoto wake, akidai urithi wake kwa kaka yake Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani. Ujerumani ilimtumia kama fimbo ya kumtishia Barghash. Barghash alipokubali madai ya Wajerumani bara, Salme hakuwa na kazi tena, akarudi mikono mitupu. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, na sura zake za mwisho zimejaa uchungu wa safari ile. Mwaka 1886 huo huo Uingereza na Ujerumani ziligawana bara na kumwachia Sultani ukanda wa maili 10 wa pwani, Tanga na Pangani zikiwamo. Miaka miwili baadaye kampuni ya Kijerumani ikakodishwa ukanda huo, na Pangani ikawaka moto chini ya Abushiri bin Salim. Je, basi kitabu ni hati ya madai iliyojificha nyuma ya watoto? Kwa kiasi, ndiyo: kilichapishwa wakati ambao mwandishi alihitaji umma umsikie. Hata hivyo hati ya madai haihitaji kueleza matundu ya masikio wala mfupa wa ngamia. Sura za siasa zingeweza kung'olewa na kitabu kikabaki kimesimama. Ukizing'oa za utoto, hakibaki kitu.

Frieda alifia Jena mwaka 1909. Salme, baada ya miaka mingi Beirut, naye alifia Jena, Februari 1924. Miaka mitano baada ya hapo ilichapishwa London historia ya maisha ya Seyyid Said bin Sultan kama mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyokusanywa kwa subira kutoka nyaraka za mataifa mbalimbali. Mwandishi wake ni mjukuu wa Seyyid Said, mmoja wa wale watoto watatu, aliyekuwa akitumia jina la Rudolph Said-Ruete.