Mita 60 Kutoka Ukingoni: Namna Ramani Kubwa Inavyohifadhiwa na Kuulizwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2004, yakataza katika kifungu chake cha 57 shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa bahari au ufuko wa ziwa la asili. Maneno yake ni machache na maana yake ni wazi. Walakini mtu atakaye kuyatumia katika bonde la Mto Msimbazi, ushukao kutoka vilima vya Pugu na kuukata mji wa Dar es Salaam mpaka umwagikie baharini karibu na Daraja la Selander, atakabiliwa na suala ambalo jicho haliwezi kulijibu: katika malaki ya nyumba za mji huo, ni zipi zilizoingia ndani ya mpaka, na ni zipi zilizosalimika? Kuzipima moja moja kwa kamba ni kazi ya miezi, ilhali hifadhidata ya kijiografia, ikiwa imejazwa sawasawa, hutoa orodha yake kwa sekunde chache. Wengi hudhani wepesi huo ni nguvu za mashine tu, na kumbe siri yake ni elimu ya kuacha: kompyuta imefundishwa kuyajua yasiyohitaji kutazamwa, na mafundisho hayo hayafai kitu iwapo tarakimu ziliingizwa bila ya kuelezwa asili yake.

Ramani yenyewe yatoka wapi? Mwaka huo huo wa 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu aruhusiwa kuichora, kuisahihisha na kuichukua bure. Dar es Salaam ilipata fungu lake kubwa kuanzia mwaka 2015, pale mradi wa Ramani Huria, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulipowatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wapite mitaani pamoja na wenyeji wa kata zenye mafuriko, wakiandika njia, mifereji, majumba na mahali yafikapo maji. Haja ya kazi hiyo ilikuwa dhahiri tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowaua watu zaidi ya 40 mjini humo.

Faili la dunia nzima la OpenStreetMap, hata likishindiliwa, hupita gigabaiti 70, na ndani yake mna nukta zaidi ya bilioni 9. Ndiyo sababu watu aghalabu huchukua kipande cha nchi waitakayo, kama vile vipande vinavyokatwa kila siku na kampuni ya Geofabrik ya Karlsruhe, Ujerumani. Maumbile ya faili hilo yana jambo la kutazamwa kwa makini. Nukta peke yake ndiyo yenye mahali, yaani longitudo na latitudo zilizoandikwa kwa tarakimu 7 baada ya desimali, usahihi upatao sentimita 1; nyumba haina mahali pake yenyewe, ila ni orodha ya namba za nukta zifuatanazo, na mto vilevile. Kwa hiyo programu ya kupakia, kama osm2pgsql, ifikapo kwenye nyumba yenye pembe nne, haina budi kurudi kuzitafuta nukta zake nne miongoni mwa zile zilizokwisha kupita, iziunge, ilifunge umbo, ndipo iliandike katika jedwali. Na kurudi huko, kukizidishwa kwa mamilioni ya nyumba, ndiko kulako muda mwingi wa kazi. Wajuzi huokoa muda wao kwa adabu mbili: huingiza data kwa mafungu makubwa wala si safu moja moja, na faharasa, yaani kielekezo cha kuitafutia data upesi, huijenga mwisho, data yote ikiisha kutua, maana faharasa iliyojengwa mapema hubidi irekebishwe kwa kila safu ingiayo.

Jedwali hilo aghalabu huwa katika PostgreSQL, mfumo uliochimbuka katika mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker mwaka 1986 kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Juu yake hutiwa PostGIS, nyongeza iliyotolewa mwaka 2001 na Refractions Research ya Victoria, Kanada, ili safu ya jedwali iweze kubeba umbo la nyumba kama ibebavyo jina au tarehe. Kila umbo hufuatana na namba iitwayo SRID, itajayo tarakimu zake zimepimwa kutoka wapi na kwa kipimo gani. Na namba hiyo ikiwa ya uongo, mashine haitalalamika. Mathalan, PostGIS hutaka longitudo itangulie na latitudo ifuate: mwenye kuzipindua tarakimu za Dar es Salaam, yaani 39.28 na −6.82, ataukuta mji mzima umehamia magharibi ya Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kosa hilo lina heri yake, kwa kuwa laonekana mara ramani ifunguliwapo. Lenye hatari ni lile dogo. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya satelaiti hutumia WGS 84, na tarakimu zile zile zikisomwa kwa msingi huu badala ya ule, mahali huhama kwa mita 300 hivi. Mto utabaki Dar es Salaam na nyumba zitabaki Dar es Salaam. Lakini mto ukitoka katika ramani ya zamani na nyumba katika mpya, bila ya kugeuzwa, hukumu ya mita 60 itawaangukia watu wasiohusika kabisa.

Fauka ya hayo, mashine haijui mita wala maili mpaka iambiwe. Data ya OpenStreetMap huja kwa digrii, na digrii moja kwenye ikweta ni kilomita 111. Atakayeuliza nyumba zilizo ndani ya 60, akidhani anasema mita, ataletewa kila nyumba ya mji, kwa kuwa digrii 60 ni theluthi ya safari ya kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Kwa Dar es Salaam dawa yake ni kuyageuza maumbo yote yaingie kanda ya 37 Kusini ya UTM, ambayo kipimo chake ni mita.

Misingi ikiisha kulinganishwa, ndipo faharasa ifanye kazi yake. Mwaka 1984 Antonin Guttman, pale pale Berkeley, alitangaza muundo uitwao R-tree, yaani mti wa mistatili: kila umbo huvishwa mstatili mdogo kabisa uwezao kulienea, mistatili iliyo jirani hukusanywa ndani ya mstatili mkubwa zaidi, na hiyo mikubwa ndani ya mingine, mpaka shina. Mgeni atafutaye nyumba Mji Mkongwe wa Unguja hagongi kila mlango. Huuliza mtaa kwanza, kisha kichochoro, na milango ya mitaa mingine yote huiacha asiiguse. Tuseme kila ukurasa wa faharasa wabeba mistatili 100: ngazi 4 zatosha kwa maumbo milioni 100, na mwenye kuuliza hufunguliwa kurasa chache tu.

Walakini mstatili ni kadirio, si umbo lenyewe. Mstatili wa Tanzania, uanziao Ziwa Tanganyika hadi pwani ya Mtwara, na kutoka Kagera hadi Ruvuma, umeimeza miji ya Nairobi, Mombasa na Kigali. Kwa sababu hiyo hifadhidata hufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza faharasa huleta watuhumiwa, kisha kila mtuhumiwa hupimwa kwa umbo lake halisi, pembe kwa pembe, na wasiohusika wakaachiwa. Hatua ya pili ndiyo ghali. Mto Msimbazi ukiwekwa kama mstari mmoja, mstatili wake hufunika sehemu kubwa ya mji, na watuhumiwa huwa wengi mno. Ukikatwa vipande vifupi, kila kipande hupata mstatili wake mwembamba, na nyumba zilizo mbali huachwa mapema.

Hata maneno ya swali yana adabu yake. Aiambiaye mashine ipime umbali wa kila nyumba hadi mtoni, kwa ST_Distance, kisha imletee zile zilizo chini ya mita 60, amekwisha kuilazimisha izipime zote, za Mbagala na za Bunju pamoja. Aulizaye kwa ST_DWithin, yaani aletewe zilizomo ndani ya mita 60, ameipa idhini ya kupanua mistatili kwa mita hizo na kuiendea faharasa. Majibu ni yale yale. Muda ndio utofautianao. Mwenye shaka huitanguliza amri ya EXPLAIN, ambayo huonyesha njia itakayofuatwa. Akiona jedwali lote litasomwa toka mwanzo hadi mwisho, hulitengeneza swali lake upya.

Orodha ikitoka, ni sahihi kwa mujibu wa ramani, na ramani huwa na mapungufu yake. Mto aghalabu huchorwa kwa mstari upitao katikati, hali sheria yahesabu kutoka ukingoni: penye upana wa mita 20, nyumba iliyo mita 65 kutoka mstari imeachwa na mashine, na sheria haikuiacha. Tena Msimbazi hubadilisha mkondo baada ya mafuriko, na mstari uliochorwa mwaka mmoja huenda ukawa nchi kavu mwaka wa pili. Jambo hili si la nadharia, kwani nyumba nyingi za bonde hilo zilibomolewa mnamo Desemba 2015 na Januari 2016. Kila orodha, basi, yapasa itaje msingi wa vipimo vyake, mto ulichorwa kwa mstari au kwa kingo, na tarehe ya kuchorwa. Isiyotaja hayo yafaa kwa kuwapangia wapimaji ziara. Haifai kumwandikia mtu alama ya X, ya kubomolewa, ukutani mwake.