Walio Hai Chini ya Misonobari Mikavu

Msitu wa Yatir ulianza kupandwa mwaka 1964 kusini mwa milima ya Hebron, pembezoni mwa jangwa la Negev nchini Israeli. Mvua ya huko ni wastani wa milimita 280 kwa mwaka, na kiangazi hupita kikavu kabisa. Chini ya misonobari ya Aleppo hutandazika majani membamba kama sindano, magumu, yenye naitrojeni kidogo. Atakayepima udongo huo mwezi Agosti atapata viumbe wachache, na huenda akasema msitu wa namna hii ni maskini wa uhai. Mimi naona umaskini huo, kwa sehemu kubwa, unatokana na chombo cha kuhesabia.

Chombo hicho ni faneli aliyoibuni Mwitaliano Antonio Berlese mwaka 1905. Udongo huwekwa juu ya wavu na kupashwa joto kutoka juu. Utitiri na kolembola, vijidudu visivyo na mabawa, hukimbia ukavu na kudondokea kwenye spiriti iliyo chini. Kwa hiyo anayehesabiwa ni yule tu awezaye kutembea, ilhali katika nchi kame wengi huokoka kwa kutulia. Kuna kolembola wanaopitisha kiangazi wakiwa mayai. Nematodi, minyoo midogo mno inayoishi katika utando wa maji unaozunguka chembe za udongo, hujikunja, hupoteza karibu maji yote ya mwili na kusimamisha uhai wao. Hao hawatoki kwa joto. Udongo uleule ukilowekwa, huamka na kuogelea.

Kuna watakaosema kwamba wengine hufa kweli, na kwamba aliyelala hana kazi yoyote. Hoja ya kwanza ni sahihi: utitiri wa jamii ya oribatida hukua polepole na hutaga mayai machache, hivyo ukiangamia hukawia kurudi. Hiyo ndiyo sababu ya kupima tena mahali palepale baada ya mvua za kwanza, tena kwa kina zaidi. Hoja ya pili inasahau kwamba kazi nyingi ya kuozesha majani hufanyika katika majuma machache ya unyevu. Kuvu na bakteria ndio wameng'enyaji wakuu, lakini viumbe hawa huwala kuvu hao, huyakatakata majani na kurudisha naitrojeni kwenye udongo. Watakaoamka mvua ikirudi, chini ya miti na katika uwazi ulio kati yake, ndio watakaoamua mizizi itapata naitrojeni kiasi gani kabla udongo haujakauka tena.